Kompyuta na waifai katika ofisi ya kanisa: mwongozo kamili wa kuweka utaratibu unaofuatwa

Parokia na sharika nyingi za Mtwara na Lindi hazikosi kanuni za kompyuta. Karatasi ipo, ina muhuri, imebandikwa nyuma ya mlango. Lakini neno la siri la kompyuta ya ofisi linajulikana na kwaya nzima, bando la mwezi linakata kabla ya nusu ya mwezi, na daftari la zaka limo kwenye mashine ileile ambayo vijana wanaangalizia mpira baada ya mazoezi.

Kinachokwamisha ni mpangilio wa kazi. Karatasi huandikwa kwanza, mashine huachwa kama zilivyo. Kanuni inayosema "usifungue mafaili ya mhasibu" haina nguvu ikiwa kila anayewasha kompyuta anayakuta mafaili hayo mezani. Ukishatenganisha watumiaji na mtandao, mashine yenyewe inakataa, na katibu muhtasi hana haja ya kugombana na mtoto wa mzee wa kanisa. Karatasi inabaki kwa yale ambayo mashine haiwezi kuyazuia.

Ndiyo maana katika mwongozo huu karatasi inakuja hatua ya 6. Usiirushe foleni.

## Vitu vya kuandaa

- Kaunta buku moja, isiyotumika kwa kazi nyingine.
- Ruta inayoweza kutoa mitandao miwili ya waifai, wa ofisi na wa wageni. Kama uwezo unaruhusu, nunua na ya akiba.
- Diski za nje mbili, kila moja ya TB 1.
- Flashi mbili za rangi tofauti, GB 32 zinatosha.
- UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) ya VA 650 kwa kila kompyuta ya mezani.
- Kitochi kimoja na laini iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, si kwa NIDA ya katibu.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana na pakiti chache za silika, vile vifuko vya kunyonya unyevu.
- Bahasha mbili za kufungwa kwa lakiri, na sefu au kabati la chuma.

Ruta ya akiba si anasa. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, Kilwa, na mizigo ya kusini ikasimama. Kifaa kinachotegemea basi la kutoka Dar kinaweza kukusubirisha kuliko ulivyopanga.

Antivairasi ya kulipia usinunue kwa sasa. Defender inayokuja na Windows inatosha kwa ofisi ya ukubwa huu, ilimradi haijazimwa.

## Hatua ya 1: Hesabu vifaa na watu

Fungua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza andika kila kifaa: aina, namba ya mashine, kipo chumba gani, nani anakitumia, kina Windows gani. Ukurasa wa pili andika watu wote wanaogusa vifaa hivyo: paroko au mchungaji, katibu muhtasi, mhasibu, makatekista, vijana wa mitambo na projekta, wanafunzi wa fildi.

Vijana wa mitambo na wanafunzi wa fildi ndio husahauliwa, kwa kuwa hawamo kwenye orodha ya mishahara. Na mara nyingi ndio wanaotumia kompyuta muda mrefu kuliko wote.

Mashine yenye Windows 10 iwekee alama nyekundu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuirekebishia kasoro za usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kama haikubali Windows 11, itoe kwenye kazi za fedha na rejista, ibaki ya kuonyeshea nyimbo ukutani bila intaneti.

Umefanikiwa ikiwa: mtu mgeni anaweza kusoma kurasa hizo mbili na kujua nani anagusa nini.

## Hatua ya 2: Kila mtu na akaunti yake

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiharakishe.

Kwenye kila kompyuta tengeneza akaunti moja ya msimamizi, ambayo haitumiki kwa kazi za kila siku, kisha akaunti ya kawaida kwa kila mtumiaji. Katika Windows 11 fungua "Settings", ingia "Accounts", kisha "Other users", bonyeza "Add account". Skrini ikidai barua pepe, chagua "I don't have this person's sign-in information", halafu "Add a user without a Microsoft account". Akaunti mpya inazaliwa ikiwa ya kawaida. Iache hivyohivyo, hata kama ni ya Baba Paroko.

Sababu ni hii: akaunti ya kawaida haiwezi kusakinisha programu inayogusa mfumo mzima, wala kufungua mafaili yaliyomo ndani ya akaunti ya mwingine. Kirusi kikiingia kupitia mwanakwaya, madhara yake yanakuwa madogo.

Hamisha mafaili ya fedha yaingie kwenye "Documents" ya akaunti ya mhasibu, kisha yafute kwenye "Desktop" ya zamani na kwenye "Recycle Bin". Wengi wanakopi na kusahau kufuta. Nakala ya zamani inabaki wazi na utenganishaji wote umekuwa bure.

Maneno ya siri: yawe maneno manne yasiyohusiana, yameunganishwa kwa vistari. Usitumie Yohana316, Zaburi23 wala jina la mtakatifu msimamizi wa parokia. Kanisani hayo ndiyo ya kwanza mtu kujaribu. Neno la msimamizi liandikwe kwenye karatasi, liingie kwenye bahasha, lipigwe lakiri, likae sefuni.

Mwisho, weka skrini ijifunge baada ya dakika 5, na uwafundishe watu kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kila wanaponyanyuka. Ofisi ya kanisa haina mlango wa kufunga. Watu huingia kuandikisha nia ya misa, kuomba barua ya utambulisho, kuuliza cheti cha ubatizo, na skrini ya mhasibu inawatazama.

Tahadhari: usifute akaunti ya zamani iliyokuwa ikitumiwa na wote mpaka mwezi mmoja upite. Badilisha neno lake la siri tu. Kuna faili litatafutwa.

Umefanikiwa ikiwa: ukiingia kwa akaunti ya kijana wa projekta, Windows inakataa kufungua folda ya mhasibu na inadai neno la msimamizi unapojaribu kusakinisha programu.

## Hatua ya 3: Barua pepe na kitochi

Barua pepe ya parokia ilifunguliwa na nani, na kodi (namba) ya kuthibitisha inakwenda simu ya nani? Mara nyingi ni simu ya katibu aliyehamia Tunduru au Songea zamani. Siku Google inapodai uthibitisho, ofisi inaanza kumtafuta mtu ambaye hata laini amebadilisha.

Ingia kwenye akaunti hiyo, nenda sehemu ya usalama, weka namba ya kitochi cha ofisi kuwa namba ya kurejeshea akaunti, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Ondoa namba na barua pepe za watu binafsi. Kodi za akiba zinazotolewa hapo zichapishe, ziingie kwenye bahasha ya pili.

Kitochi kikae kwenye droo inayofungwa. Kiwekee vocha kidogo kila mwezi, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni.

Ukiwa hapohapo, kagua WhatsApp. Katibu akiunganisha WhatsApp yake kwenye kompyuta ya ofisi, ujumbe wake wote unasomeka na atakayekaa hapo baadaye. Kwenye simu yake afungue "Linked devices" aondoe kila kifaa asichokitambua.

## Hatua ya 4: Waifai mbili, si moja

Geuza ruta chini usome kibandiko. Anwani ya kuingilia huwa imeandikwa pale, kwa kawaida 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia, na jambo la kwanza badilisha neno la siri la ruta yenyewe. Lililokuja na ruta linajulikana na kila anayeweza kusoma kibandiko.

Kisha fanya haya kwa mpangilio:

1. Mtandao wa ofisi: chagua ulinzi wa WPA2/WPA3 kwa pamoja. Ukichagua WPA3 peke yake, simu na printa za zamani zitashindwa kuunganika na utalaumiwa kwa kuharibu waifai.
2. Zima WPS, yaani njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila neno la siri.
3. Washa mtandao wa wageni, upe jina lake na neno lake la siri. Hakikisha umezuia wageni wasione vifaa vya ofisi.
4. Kama ruta inaruhusu, wekea wageni kikomo cha kasi na saa za kutumika.
5. Sehemu ya DNS (huduma inayotafuta anwani ya kila tovuti) andika 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti za ngono na zenye virusi.

Ruta nyingi za laini zinazotolewa na kampuni za simu hazikubali kubadilishwa DNS. Ikitokea, iweke kwenye kila kompyuta kupitia "Network & internet". Na ujue mipaka yake: mwenye VPN (programu ya kuupitisha mtandao njia nyingine) kwenye simu anapita pembeni, na kubeti hakuzuiliwi kabisa na anwani hizo. Mikeka inaangukia kwenye karatasi ya hatua ya 6.

Printa ya waifai iunganishwe na mtandao wa ofisi. Baada ya hatua hii malalamiko yatakayokuja sana ni "printa imekufa", na ukienda unakuta laptopu ya mtu imejiunga na waifai ya wageni.

Kuhusu bando: saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 1 na zaidi, na Windows ikijisasisha inaweza kula kiasi kama hicho bila mtu kuona. Kwenye kila kompyuta fungua "Properties" za waifai uwashe "Metered connection". Lakini masasisho yasiachwe moja kwa moja. Panga siku moja kwa mwezi bando likiwa jipya, uyaruhusu yote.

Neno la wageni libadilishwe kila mwezi na libandikwe ukumbini waziwazi. Ni rahisi kumwambia mtu, "Mzee, shikamoo, waifai yetu ni ile pale ukutani," kuliko kumnyima.

Umefanikiwa ikiwa: simu iliyo kwenye mtandao wa wageni inafungua intaneti lakini haiioni printa.

## Hatua ya 5: Umeme, flashi na nakala

UPS ya VA 650 inashikilia kompyuta ya mezani dakika chache tu. Ni za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kuendelea kuchapa. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS: inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS inajizima, kompyuta inaanguka nayo.

Sasa flashi. Matangazo ya Jumapili na ratiba za harusi hupelekwa steshenari, na flashi inarudi na wageni, yaani virusi. Dalili unaijua: folda zote zimegeuka kuwa njia ya mkato na hazifunguki vizuri. Flashi nyekundu iwe ya steshenari peke yake, ibebe PDF tu, na ikirudi ifomatiwe kabla ya kufunguliwa. Ya bluu isitoke ofisini.

Kama flashi yenye kazi muhimu imeshapatwa, usibofye zile njia za mkato. Iskani kwa Defender kwanza. Kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na, ikiwa flashi inaonekana kwa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yaliyofichwa yataonekana tena. Yakopi, fomati flashi.

Nakala ya mafaili ifanyike kila Ijumaa kwenye diski A, Ijumaa inayofuata diski B. Diski iliyojazwa inatoka nje ya jengo: shule ya kanisa, zahanati, popote isipokuwa chumba kilekile. Mara tu kazi ikiisha ichomoe. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia kinafunga na diski yoyote iliyochomekwa.

Kwa ofisi za pwani, Mikindani hadi Kilwa, hewa ya chumvi hula viunganishi. Diski ikae kwenye lile kopo pamoja na silika, si juu ya dirisha linalotazama bahari.

Umefanikiwa ikiwa: mara moja kwa mwezi unachagua mafaili matatu yoyote kwenye diski na yote yanafunguka kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa usiihesabu.

## Hatua ya 6: Andika karatasi, ukurasa mmoja

Sasa ndiyo kalamu ishike. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, kwa sababu kurasa nane husainiwa bila kusomwa. Vifungu hivi unaweza kuvichukua na kurekebisha:

1. Kompyuta, ruta, laini na akaunti za ofisi ni mali ya kanisa. Matumizi binafsi kidogo yanaruhusiwa saa ya mapumziko, mradi hayacheleweshi kazi.
2. Kila mtu anatumia akaunti yake. Hatoi neno lake la siri kwa mtu mwingine, hata kiongozi wake.
3. Hairuhusiwi kutumia vifaa vya kanisa kwa picha za ngono, kubeti, matusi au kampeni za siasa.
4. Taarifa za waumini, yaani ubatizo, ndoa, zaka, ahadi, ugonjwa na ushauri, haziwekwi kwenye kundi la WhatsApp wala kutolewa nje bila idhini.
5. Picha ya mtoto haichapishwi bila idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi.
6. Ombi la malipo au la kubadili namba ya malipo likija kwa ujumbe au barua pepe halitekelezwi mpaka mhasibu apige simu kwenye namba iliyo kwenye kaunta buku.
7. Programu husakinishwa na msimamizi tu. Programu zilizovunjwa leseni hazisakinishwi.
8. Ofisi inaweza kukagua vifaa vyake. Ukaguzi hufanywa na watu wawili pamoja, kwa sababu iliyoandikwa.
9. Aliyebofya kitu cha hatari atoe taarifa siku hiyohiyo. Anayejitokeza mwenyewe haadhibiwi kwa kubofya.

Kifungu cha 4 na cha 5 si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini na taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Ofisi inayotunza rejista ya waumini inakusanya taarifa za watu, kwa hiyo fuatilia usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Orodha ya ahadi zilizolipwa na ambazo hazijalipwa, ikirushwa kwenye kundi la jumuiya "ili watu wakumbuke," ndiyo mfano halisi wa kosa hili.

Kifungu cha 6 kinalinda fedha. Kila mtu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa kawaida tunaucheka. Lakini msimu wa korosho, fedha za minada zinapoingia na michango ya ujenzi inapokusanywa kuanzia Oktoba, fundi kweli anadai na mhasibu kweli ana hela ya kutuma. Ujumbe huo ukiangukia siku hiyo hauchekeshi tena.

Kifungu cha 7: Windows au Office ya bure kutoka mtaani hukutaka uzime antivairasi kwanza ili "ikubali". Hapo ndipo mlango unapofunguliwa. LibreOffice ni bure kihalali na inafungua mafaili ya Word na Excel.

Kuhusu kifungu cha 8, kumbukumbu za ushauri wa kichungaji zisihifadhiwe kabisa kwenye kompyuta ya pamoja. Muumini aliyefunguka kwa mchungaji hakufunguka kwa msimamizi wa kompyuta.

## Hatua ya 7: Soma, jaribu, saini

Usigawe karatasi ili watu wakasaini nyumbani. Kaa nao saa moja. Soma kifungu kwa kifungu, kisha kila mtu aonyeshe kwa vitendo: kufunga skrini, kuskani flashi, kujiunga na waifai sahihi. Asaini baada ya hapo, na akabidhiwe akaunti yake baada ya saini.

Kiongozi mkuu asaini wa kwanza, mbele ya wote. Asiposaini yeye, usitegemee mzee wa kanisa yeyote asaini.

## Hatua ya 8: Kosa likitokea

Makosa madogo, kama kumpa mwenzako neno la siri, ni mazungumzo, kisha onyo la maandishi. Kwa mwajiriwa, hatua kubwa zaidi lazima zifuate Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: aambiwe kosa, apewe nafasi ya kujieleza, iandikwe. Kufukuza mtu kwa hasira baada ya ibada kunaweza kulifikisha kanisa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mengine hayamalizwi ndani. Picha za ngono zinazohusu watoto, kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa na utapeli ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hapo usipekue, usikopi, usitume kwa wazee wengine "wajionee". Kuzituma nako ni kuzisambaza. Chomoa intaneti, fungia kifaa kabatini, andika saa na majina ya waliokuwepo, nendeni polisi.

## Hatua ya 9: Mtu anapoondoka, na ukaguzi wa mwezi

Uhamisho wa mapadre na wachungaji unajulikana mapema, kwa hiyo makabidhiano ya kompyuta yaingie kwenye makabidhiano ya ofisi. Siku ya kuondoka: zima akaunti yake bila kuifuta, badilisha neno la waifai ya ofisi na la barua pepe, mtoe kwenye makundi ya kiofisi, pokea flashi na funguo, na ahakikishe kitochi kimebaki kwenye droo.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tenga nusu saa. Fungua kaunta buku ulinganishe majina na akaunti zilizopo. Tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta. Usichokitambua kiondoe, ubadilishe neno la siri. Hakikisha Defender inawaka, jaribu mafaili matatu ya diski, weka vocha kwenye kitochi, badilisha neno la wageni ukutani. Andika tarehe, na mliokagua wawili msaini.